Feni Usiku Kucha Umeme Ukikatika: Anza na Feni, Betri Baadaye

Ingia duka lolote la vifaa vya sola Kariakoo useme unataka feni izunguke umeme ukikatika. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "betri ya ngapi?" Muuzaji ana sababu zake, lakini kwako wewe mnunuzi betri ndiyo inapaswa kuwa ya mwisho. Kila wati unayoipunguza kwenye feni inapunguza betri, chaja, paneli na hata unene wa waya. Anayeanza na betri ndiye anayetumia malaki ya shilingi, halafu feni inamzimikia saa nane usiku.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Pwani, kuanzia Mtwara na Dar hadi Tanga, Mombasa na Lamu, kipindi cha kaskazi kati ya Desemba na Machi ambapo ukuta wa chumba hutoa joto mpaka alfajiri. Unguja wanaijua shida hii vizuri: waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara uliharibika Desemba 2009, kisiwa kikakaa gizani kama miezi mitatu, na ilikuwa miezi ileile ya kaskazi. Siku hizi kukatika kwa kawaida ni kwa saa kadhaa au usiku mmoja, kama 25 Agosti 2023 pale karibu Kenya nzima ilipozima. Kwa hiyo lengo hapa ni dogo: feni moja au mbili, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi.

Kumbuka pia kwamba feni haipozi chumba. Inakausha jasho mwilini mwako, basi. Feni inayozunguka chumba kitupu inamaliza chaji bure, na feni ndogo iliyo karibu na mwili inafanya kazi kuliko kubwa iliyo mbali.

Hatua ya 1: Jua feni yako inakula kiasi gani

Igeuze usome kibandiko kwenye kitako au nyuma ya mota. Feni ya mezani mara nyingi ni wati 30 hadi 50. Ya kusimama ya inchi 16 ni 45 hadi 60. Pangaboi la kawaida ni 60 hadi 80.

Kibandiko kikiwa kimefutika, mita ya LUKU itakupa jibu bila gharama. Zima kila kitu nyumbani, friji na chaja za simu zikiwemo, uache feni peke yake kwenye mwendo wa juu. Kwenye mita kuna kitaa kinachopepesa, na karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani kitaa kinapepesa mara 1000 kwa kila uniti. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Zikiwa sekunde 72, feni yako ni ya wati 50. Kama mita imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600. Pima mipepeso mitatu au minne uchukue wastani, maana ukikosea kidogo kwenye mmoja jibu linayumba. Mita za tokeni za Kenya nazo zina kitaa hicho.

Usitegemee sana kuipeleka feni ya kawaida kwenye namba 1 ili uokoe chaji. Mota hizi zinapunguzwa mwendo kwa kupunguziwa nguvu ya umeme, lakini sehemu kubwa inaendelea kupotea ndani ya mota kama joto. Feni ya wati 55 inaweza kushuka hadi 40 tu huku upepo ukiwa umepungua sana. Na kama pangaboi lako lina lile boksi zito la ukutani la kizamani linalopata moto unapopunguza mwendo, hilo nalo linakula.

Kabla ya kununua chochote, ihudumie feni. Osha mapanga, maana vumbi lililoganda linaifanya mota ihangaike. Tia matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye shafti, mbele na nyuma. Feni inayohitaji kusukumwa kwa kidole ndipo ianze kuzunguka, mara nyingi kapasita imechoka. Fundi anaibadilisha kwa hela ndogo. Mwambie aweke ya kiwango kilekile. Wapo wanaoongeza ili feni "ipate nguvu", na mota inaungua taratibu.

Hatua ya 2: Fikiria kuibadilisha feni yenyewe

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na ndipo watu wengi wanapopita haraka.

Feni ya kawaida ya kuchomeka ukutani inahitaji umeme wa AC, ule wa kwenye soketi, wa volti 230. Betri inatoa DC, umeme wa mkondo mmoja, wa volti 12. Katikati lazima iwepo inveta, kifaa cha kugeuza DC kuwa AC, na inveta si mpita njia, nayo inakula. Chukua feni ya kusimama ya wati 50. Inveta ndogo nzuri inapoteza kama asilimia 12 katika kubadilisha umeme, kisha inajilisha yenyewe wati kadhaa muda wote ikiwa imewashwa. Tuseme betri inatoa wati 65 ili feni ipate 50. Kwa saa kumi hizo ni wati-saa 650, yaani wati mara saa.

Sasa chukua feni ya DC ya volti 12, ya inchi 12 hadi 16, aina inayouzwa madukani pamoja na vifaa vya sola. Inakula kati ya wati 10 na 25 na inaungwa kwenye betri moja kwa moja, bila inveta. Ikiwa ni ya wati 15, saa kumi ni wati-saa 150. Tofauti ni zaidi ya mara nne. Upepo wake mara nyingi ni mdogo kiasi, lakini kitandani, umbali wa mita moja, hutajali. Feni za namna hii zenye mota isiyo na brashi zina faida nyingine: ukipunguza mwendo, matumizi yanashuka kwelikweli.

Kama ni lazima pangaboi, yapo ya BLDC, yaani ya mota hiyo isiyo na brashi, yanayokuja na rimoti, ya wati 28 hadi 35 kwenye mwendo wa juu. Bado ni ya AC mengi yake, lakini unakuwa umekata nusu ya mzigo.

Feni za kuchaji, zile zenye betri na taa humohumo, ni nzuri kwa saa mbili tatu. Nyingi zina betri kavu ya volti 6 na Ah 4.5 (Ah ni ampea mara saa, kipimo cha ujazo wa betri), yaani wati-saa 27. Saa nyingi zilizoandikwa kwenye boksi ni za mwendo wa chini kabisa, betri ikiwa mpya. Ukiiacha feni hiyo kabatini miezi sita bila kuichaji, utaikuta betri imekufa.

Halafu kuna feni ndogo ya USB ya wati 3 au 4. Watu huicheka, lakini kwa mtoto mchanga au mtu mmoja ndani ya chandarua inatosha. Pawabanki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 ndani, kwa sababu namba ile inahesabiwa kwa volti 3.7. Ukitoa kinachopotea, unabaki na 55 hivi, na feni ya wati 4 inalala nawe hadi asubuhi.

Hatua ya 3: Hesabu, ndipo uchague betri

Hesabu ni ya darasa la tano: wati za feni mara saa unazotaka. Ukitumia inveta, ongeza theluthi moja. Jibu ligawe kwa kiasi cha betri unachoruhusiwa kutumia, kisha gawanya kwa 12 upate Ah.

Kiasi unachoruhusiwa kinategemea aina ya betri. Betri za risasi, ziwe za maji au kavu, usizishushe chini ya nusu ukitaka zidumu. Za lithiamu zilizoandikwa LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila wasiwasi.

Kwa feni yetu ya AC: 650 gawanya kwa 0.5 ni 1300, gawanya kwa 12 ni Ah 108. Maana yake ile betri ya Ah 100 uliyotaka kununua kwa ajili ya feni moja haitoshi. Kwa feni ya DC ukitumia LiFePO4: 150 gawanya kwa 0.85 ni 176, sawa na Ah 15. Nunua ya Ah 20, kitu cha kilo mbili na nusu hivi ambacho mtoto wa shule anakibeba.

Betri ya gari, N50 au N70 iliyotolewa kwenye pikapu, itafanya kazi kwa muda tu. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na sahani zake ni nyembamba. Ukiikamua usiku kucha mara kwa mara, baada ya miezi michache haitazungusha feni wala kuwasha gari. Kwa dharura ya siku moja, sawa. Ukinunua ya risasi, tafuta iliyoandikwa Deep Cycle, yaani iliyotengenezwa kutumika polepole kwa saa nyingi.

Na unaponunua, ipime uzito. Kibandiko kinachapishwa popote, risasi haidanganyi. Betri kavu ya Ah 100 inakaribia kilo 30. Ukipewa ya kilo 18 yenye kibandiko cha 100, irudishe hapohapo. Kwa LiFePO4 ya Ah 100, kilo 10 hadi 13 ndiyo kawaida. Betri za lithiamu zilizosukwa mtaani kwa seli za kompyuta mpakato za zamani ziache zilivyo. Ni rahisi kwa sababu, na hakuna sababu ya kulala nazo chumba kimoja.

Yapo pia maboksi ya umeme ya kubebeka yenye betri, inveta na chaja kwa pamoja, kama EcoFlow River 2 ya wati-saa 256 au Bluetti EB3A ya 268. Ni ghali kwa kila wati-saa, lakini mtu wa kupanga anayehamahama ataelewa thamani yake. Hata hapa feni ndiyo inaamua: boksi la 256 linaendesha feni ya AC ya wati 50 kama saa nne, na feni ya DC ya wati 15, kupitia tundu lake la volti 12, kama saa 15. Unapotumia tundu la DC zima kitufe cha AC, la sivyo inveta ya ndani inaendelea kula. Na kama feni ndogo inajizima yenyewe katikati ya usiku, angalia kwenye mipangilio: maboksi mengi hujizima yakiona mzigo ni mdogo mno, na unaweza kukiondoa kipengele hicho.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Njia ya DC:

1. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, si upande wa feni. Kwa feni ya wati 15, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Betri ya volti 12 haikurushi ukiigusa, na ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini shoti yake inayeyusha spana na kuwasha godoro.
2. Waya wa milimita 1.5 unatosha hadi mita tano kwa feni moja.
3. Hakikisha chanya na hasi. Feni nyingine zikigeuzwa zinazunguka kinyume, nyingine zinaungua.
4. Pitisha feni kwenye kontrola ya sola yenye tundu la mzigo, hata kama huna paneli bado. Kontrola inakata umeme betri ikishuka sana. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kukata kwenye volti 11 na kitu. Kwa betri ya risasi hiyo ni chini mno, ipandishe hadi 11.8 au 12.

Usiiunge feni ya volti 12 kwenye paneli moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya 12 hufika volti 21 hivi jua likiwa kali.

Njia ya inveta: kwa feni moja au mbili chukua ya wati 200 hadi 300. Inveta ya wati 1000 au 2000 kwa ajili ya feni ni hasara, kwa sababu kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyojilisha zaidi hata ikiwa haina kazi. Iwe imeandikwa Pure Sine Wave. Zile za bei ya chini zilizoandikwa Modified zinaifanya feni ingurume, mota ipate moto, na swichi za kielektroniki za kupunguza mwendo ziharibike. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe fupi, chini ya mita moja, unene wa milimita 6 au 10, na fyuzi ya ampea 40. Feni chomeka kwenye inveta yenyewe.

Hapo neno "yenyewe" nalisisitiza. Kuna mtindo wa kutengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Ncha ile iliyo wazi ina volti 230, umeme unaweza kutoka nje ukamkuta fundi wa shirika akiwa kwenye nguzo, na umeme wa gridi ukirudi inveta inalipuka. Ukitaka pangaboi liendeshwe na betri, mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya, afunge swichi ya kubadilishia.

Hatua ya 5: Kuchaji

Betri ya risasi inataka chaja yenye ampea kama sehemu ya kumi ya Ah zake: Ah 100, ampea 10. Ukitumia nusu usiku, utahitaji saa saba au nane kuijaza tena, maana mwishoni inapokea polepole. Mgao ukiacha umeme saa tano tu kwa siku, haitajaa, na betri ya risasi inayokaa nusu siku baada ya siku inaganda ndani na kupoteza uwezo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea LiFePO4 mahali penye mgao, kuliko hata uzito: haidhuriki kukaa nusu, na ile ya Ah 20 kwa chaja ya ampea 5 inarudisha matumizi ya usiku mzima ndani ya saa tatu. Lakini chaja iwe ya LiFePO4, inayoishia volti 14.2 hadi 14.6. Chaja za zamani za betri ya gari, zisizojikata zenyewe, zisiguse lithiamu.

Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuchomeka chaja. Mara nyingi unarudi na kishindo, au unarudi na kukatika tena. Wenye friji gadi wanajua. Chaja nayo ipitishe hapo.

Kwa sola, paneli ya wati 100 iliyoelekezwa vizuri huku kwetu inarudisha wati-saa 350 hivi siku ya jua. Kwa feni mbili za DC unabaki na chenji ya kuchaji simu. Kwa feni moja ya AC usiku kucha, paneli moja haitoshi. Ndiyo feni ileile tena.

Kujua chaji iliyobaki: betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.1 ni kama nusu. Kwa LiFePO4 volti hazisemi kitu, zinakaa karibu 13.2 muda wote kisha zinaporomoka ghafla. Hiyo inahitaji kipimo kinachohesabu ampea, au uwe na mazoea ya kuichaji kila siku.

Chandarua, mahali pa betri, na usiku wa majaribio

Chandarua kinazuia upepo mwingi, hasa vile vyenye matundu madogo. Feni ya wati 50 nje ya neti inaweza kukupa upepo kidogo kuliko ya wati 10 ndani. Ndogo ya volti 12 au USB unaweza kuifunga kwenye nguzo ya kitanda, ndani, yenye wavu wa kuzuia vidole, na waya ukipita pembeni ambako mtoto hafiki. Jaribu kwanza mchana kama kifungo hakilegei.

Betri isikae chini ya kitanda. Ya maji inatoa hewa ya haidrojeni ikichajiwa, inayolipuka kwa cheche, kwa hiyo iwe karibu na dirisha, mbali na jiko. Aina zote zinachukia joto. Betri ya risasi inakadiriwa kupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zaidi ya 25, kwa hiyo stoo yenye bati bila dari si mahali pake. Pawabanki nayo isilale chini ya mto.

Kabla hujaitegemea, fanya majaribio usiku ambao umeme upo. Chaji ijae, washa feni kwa betri saa mbili usiku, na asubuhi uangalie volti au kipimo. Ikiwa ya risasi imeshuka chini ya 12.1, punguza mwendo au ongeza betri. Rudia jaribio hilo kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza.

Betri ya risasi iliyokufa usiivunje wala kumwaga maji yake uani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi hadi mahakama, mwaka 2020, ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ipeleke nzima, imesimama wima, kwa muuzaji anayechukua kuukuu. Wengi wanakupunguzia bei ya mpya.